Poni, Kuhusu Ule Ukurasa Ulioufungua Dukani

Poni mwanangu,

Mkoba wako umefungwa tangu asubuhi, na mimi nimeufungua mara mbili nikijifanya natafuta kitu. Kesho basi la Kampala litaondoka kabla jua halijawa kali. Sitakuambia habari za blanketi, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu ukifika mpakani Nimule. Hayo unayajua. Nimekuja dukani baada ya ibada, nimefunga mlango kwa ndani ili mtu asije kuniomba nimchapie barua, na nimechukua kalamu. Kwa kompyuta ningefuta nusu ya nitakayosema. Kwa kalamu, nikikosea, utaona nilipokosea.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayoitumia kugombana. Kanisani tuna Kibari, hapa mtaa wa Malakia kila mtu ananunua na kuuza kwa Kiarabu cha Juba, na shule yako ilikuwa ya Kiingereza. Lakini mimi nililelewa Nakuru, na wewe ulianza kuongea kulekule kabla sijakurudisha huku ukiwa mdogo. Hasira zetu zote zimetoka kwa Kiswahili. Acha na haya yatoke kwa Kiswahili.

Naanza na siku niliyokugombeza mbele ya wateja. Ulikuwa na miaka kumi na sita, ukija dukani kila jioni baada ya shule kunisaidia kuchapa. Nilikuambia kwamba nilikuwa natafuta fomu ya mteja iliyopotea, ndipo kwa bahati mbaya nikaona uliyokuwa ukisoma. Si kweli. Nilibonyeza Control na H makusudi. Orodha ya kurasa zote ulizofungua ikatoka, nikaisoma moja moja kama polisi aliyeshika simu ya mtu. Mtu anaweza kuwa mwema bila dini? Tunajuaje kwamba tunajua? Je, kusema uongo ni kosa siku zote? Hilo la mwisho ulikuwa umelifungua mara tisa.

"Nani anakufundisha mambo haya?" nikakuuliza.

"Hakuna mtu. Nasoma tu."

"Falsafa ni ya watu walioshiba, Poni. Sisi tuna shida zetu."

"Mama, umesoma hata ukurasa mmoja?"

"Sina haja ya kusoma takataka ndiyo nijue ni takataka."

Kulikuwa na watu watatu wakingoja picha za pasipoti. Wakacheka. Mimi nikaona wanacheka nami, nikaongeza sauti, nikasema hutagusa tena kompyuta yangu. Ulichukua begi lako ukatoka. Msimu wote wa mvua hukukanyaga hapa. Nyumbani ulinijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", kwa adabu kamili, na sijawahi kutukanwa na mtu kwa uchungu kama ule wa adabu yako.

Sasa nikuambie usiyoyajua. Kesho yake nilifungua duka mapema, kabla ya mteja yeyote, nikaanza kusoma kurasa zako. Si kwamba nilikuwa nimetubu. Nilitaka ushahidi nimpelekee mchungaji.

Nilianza na ile ensaiklopidia kubwa ya falsafa, ile ya bure inayoandikwa na walimu wa vyuo vikuu. Haina picha hata moja. Nilianzia juu kabisa, na kufikia aya ya nne nilikuwa nimesahau ya kwanza. Kiingereza changu ni cha fomu na barua za maombi ya kazi. Kile kilikuwa cha watu wanaosema "kwa upande mwingine" kabla hujaelewa upande wa kwanza. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukiwaelekeza wateja wanaotafuta majina yao kwenye matokeo ya mtihani: bonyeza Control na F, andika jina, kompyuta itakupeleka. Nikabonyeza, nikaandika neno la Kiingereza linalomaanisha uongo. Likawaka kwenye ukurasa mahali zaidi ya sitini. Nikaruka kutoka moja hadi jingine.

Hivyo ndivyo nilivyosoma kwa wiki nyingi, na ndivyo ninavyokuomba usisome. Nilikuwa kama mtu anayekaa kikaoni akisubiri tu jina lake litajwe. Nilipata neno langu kila mahali na sikuelewa hata sentensi moja inayolizunguka. Kuna wakati nilidhani mwandishi anasema jambo fulani, kumbe alikuwa analieleza ili alipinge kwenye aya inayofuata, ambayo mimi niliiruka kwa sababu haikuwa na neno langu. Kitufe kile ni kizuri ukishasoma ukurasa wote na unataka kurudi mahali. Mtu wa haraka kama mimi kinamharibu.

Baadaye nikapata vipindi vya sauti, watu wawili wakizungumza bila haraka, na hivyo ndivyo vilivyonifungua masikio. Nilivipakua asubuhi wakati mtandao ni mwepesi, nikavisikiliza nikipika, na wewe chumbani kwako ukidhani nasikiliza mahubiri. Mihadhara ya video ilimaliza bando kabla mwalimu hajamaliza salamu, mpaka nikagundua kwamba mingi ina maandishi yake chini. Na kurasa ndefu nilijifunza kuzibonyezea Control na P, nikazihifadhi badala ya kuzichapa, ili mtandao ukikatika nibaki nazo. Haya unayajua kuliko mimi. Nakutajia ili ujue kwamba nilihangaika.

Na nilipoelewa kidogo, nikaanza kuharibu. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani, mama mmoja alisema mvua imekuwa mbaya kwa sababu ya dhambi zetu. Nikamuuliza, "Unajuaje?" Akajibu. Nikauliza tena. Kila alipofungua mdomo nilikuwa na swali lingine tayari, mpaka akanyamaza na wengine wakaangalia chini. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Wiki iliyofuata nikasikia kwamba mafuriko yalikuwa yamebeba mihogo yake yote. Alikuwa anaomboleza, mimi nikamfanyia mtihani. Sijui kama huko chuoni watakufundisha kutambua tofauti hiyo. Mimi sikuipata kwenye kompyuta. Niliipata kwa yule mama aliponipisha njia sokoni bila kunisalimia.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Asubuhi moja nilisoma ule ukurasa wako wa mara tisa, wote, bila kuruka. Katikati kuna mfano wa zamani ambao wanafalsafa wanaupenda. Mtu anayetaka kuua anagonga mlango wako. Rafiki yako amejificha ndani. Anakuuliza, yuko wapi? Je, unaruhusiwa kumdanganya? Na kuna mwanafalsafa mmoja mkubwa anayesema hapana, hata hapo hapana; kwa sababu ukidanganya, lolote litakalotokea kutokana na uongo wako litakuwa limepita mikononi mwako.

Niliufunga ukurasa. Nikabonyeza Control, Shift na T, ukarudi. Nikaufunga tena. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, na mteja wa kwanza alipoingia alinikuta nalia, nikamwambia ni moshi wa jenereta ya jirani.

Ulikuwa na miaka sita wakati vita vilipoingia mjini. Duka letu lilikuwa mtaa wa Jebel wakati huo, chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Abdi, yule Msomali wa Garissa aliyekuwa akiuza mchele na sukari kwa jumla. Waporaji walipoanza kuvunja maduka, Abdi aliruka ukuta akaingia kwetu. Nilimficha chumba cha nyuma, nyuma ya maboksi ya karatasi. Wewe ulikuwa humo humo kwenye mkeka. Nilidhani umelala.

Wakaja wanne wenye bunduki. Mmoja akauliza, "Tajir wen?" Mfanyabiashara yuko wapi? Mimi nikaonyesha kwa mkono, nikasema amekimbia, ameshika barabara ya Malakia, sasa hivi tu. Sikusema tu kwamba sijui. Nilitaka waniamini, kwa hiyo nikawapa barabara. Wakageuka wakakimbia kuelekea huko. Abdi alilala kwetu siku tatu, kisha akapata gari, akaondoka akiwa mzima.

Wiki mbili baadaye nilienda kwa Mzee Lado, fundi cherehani. Unamkumbuka kidogo. Alikuwa na kitambaa chetu, alikuwa akikushonea sare ya shule. Nilimkuta amekaa mbele ya cherehani yake, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Akaniambia alikuwa akirudi nyumbani kwa barabara ya Malakia, wakamkuta watu wanne. "Waliniuliza Msomali amepita wapi," akasema. "Nikawaambia sijaona mtu. Wakasema namficha, kwa sababu wana hakika amepita pale. Wakanipiga kwa vitako vya bunduki." Kisha, Poni, yule mzee aliniomba msamaha. Aliniomba msamaha kwamba hataweza kumaliza sare yako.

Nikasema pole. Nikachukua kitambaa, nikatoka.

Vidole vyake havikuwahi kushika mkasi tena. Yeye alisema ukweli mtupu na hakuaminiwa, kwa kuwa uongo wangu ulikuwa umemtangulia barabarani. Nilihamisha duka kutoka Jebel nikawaambia watu kwamba Malakia kuna biashara zaidi. Ukweli ni kwamba sikuweza kupita mbele ya kibanda chake. Miaka kumi sikumwambia mtu, hata mchungaji niliyekuwa namtafutia ushahidi dhidi yako.

Jioni ya siku ile niliyousoma ukurasa wako wote, nilikuja mlangoni pa chumba chako. Hii sehemu unaikumbuka, lakini acha niiandike nilivyoiona mimi.

"Nimesoma ule ukurasa," nikasema.

"Upi?"

"Wa mtu anayegonga mlango."

Uliweka kitabu chini. Hukuniangalia. Ukasema taratibu, "Sikuwa nimelala, Mama."

Nikashika fremu ya mlango.

"Nilisikia ukiwaambia amekimbia," ukasema. "Na alikuwa hapo karibu na miguu yangu, anatetemeka. Nilikuwa najua kwamba hudanganyi kamwe. Ulikuwa umenichapa wiki ile ile kwa sababu nilikudanganya kuhusu sukari niliyoilamba. Nikakaa nikijiuliza. Nilipoanza kuja dukani nikaandika swali kwenye kompyuta, nikaona kuna watu wengine walijiuliza kabla yangu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wangu alikuwa akinitafuta mimi kwenye zile kurasa, akitaka kujua kama mama yake alifanya vibaya au vizuri, nami nikamfukuza dukani mbele ya watu kwa kutafuta. Kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyokufanyia, na sitaki liwe dogo kwa sababu tulikumbatiana baadaye.

Usiku ule uliniuliza tu, "Halafu walimpata nani?" Maana uliona kwenye uso wangu kwamba kuna mtu. Nikakuambia juu ya Mzee Lado. Nilidhani utanitajia mwanafalsafa. Ukasema, "Yeye anajua?"

Tulienda mtaa wa New Site Jumamosi iliyofuata, kwa binti yake anakoishi sasa. Ulitaka kubaki nje, nikakushika mkono. Nilimweleza yote, kwa Kiarabu chetu kibovu, bila kuzunguka. Alisikiliza ameuweka ule mkono juu ya goti.

"Miaka yote hii," akasema, "nilifikiri ni kwa sababu niliwajibu vibaya. Nilijiambia, Lado, ungesema maneno matamu zaidi, mkono ungekuwa mzima. Mke wangu alikufa akiniambia hivyo hivyo: mdomo wako, Lado."

"Nisamehe, Mzee."

"Ungeniambia siku ile ulipokuja kuchukua kitambaa. Ningekukasirikia mwaka mmoja, ikaisha. Umeniacha nijikasirikie mwenyewe miaka kumi." Akainuka. "Nendeni. Leo sitaki kuwaona."

Tulirudi kwa miguu njia nzima. Ulinitetea njiani, ukasema, "Ungefanya nini kingine, Mama? Ulikuwa na dakika moja, uliokoa mtu." Nikakuambia hiyo dakika moja siijutii. Ninayoijutia ni miaka iliyofuata, ambayo nilikuwa na muda wa kutosha kila siku. Nilisoma kurasa nyingi zinazobishana kuhusu dakika ile ya mlangoni, na zina akili sana. Lakini mtu hugonga mlango wako mara moja, kisha unaishi na kesho yake, na keshokutwa, na hapo ndipo mimi nilipoanguka. Nakuambia hivi ili usije ukatumia nguvu zako zote kwa maswali yenye bunduki, ukajisahau kwenye yale ya kitambaa na bendeji.

Mwezi ulipita. Kisha binti yake Mzee akapiga simu: baba anauliza kama yule Msomali yuko hai. Alikuwa hai, na hata alikuwa amerudi Juba, anauza simu na chaji mitaa mitatu kutoka hapa dukani. Nilipomweleza, Abdi alikaa chini kwenye boksi. "Mama Poni, mimi sikujua," akasema. "Wallahi, nilidhani nimetoka bure." Alifunga duka lake saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akaja nasi New Site.

Ulikuwepo. Unajua kwamba hawakulia wala kukumbatiana. Abdi alisimama mbele ya Mzee, akautazama ule mkono, kisha akaomba auguse. Mzee akampa. Wakakaa hivyo, Abdi ameushika kwa mikono yake miwili, mpaka mtoto wa nyumba akaleta viti. Baadaye walizungumza habari za Jebel ya zamani, nani alihama, nani alikufa. Mimi Mzee hakunisemesha sana siku ile. Ameanza juzijuzi. Sijui kama amenisamehe, na nimejifunza kutomuuliza.

Lakini wewe alikuuliza. Binti yake alikuwa amemwambia kwamba unasoma falsafa kwenye kompyuta. Akakuita karibu.

"Hao watu wako wa kompyuta, wanasemaje juu ya mama yako?"

Ulimweleza vizuri, mwanangu. Nilikuwa najivunia wewe hadi shingo ikauma. Ulisema kuna mmoja anayesema usidanganye hata kwa muuaji, na wengine wengi wanaosema alikosea, na kila mmoja ukampa sababu zake bila kumdhihaki.

"Huyo anayesema usidanganye," Mzee akauliza, "amewahi kugongewa mlango?"

"Sijui, Mzee. Nafikiri hapana."

Abdi akacheka, hata Mzee akatabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka. Akasema, "Naona wanamzungumzia aliyegonga, na aliyefungua, na aliyejificha. Na yule aliyekutwa barabarani? Kuna ukurasa wake?"

Ulisema utatafuta. Wiki ile yote ulikuwa hapa dukani, na mimi nilikutazama nikijifanya napanga karatasi. Ulibadilisha maneno, ukafungua kurasa tano kwa pamoja, ukaruka kati yake, ukaandika pembeni kwenye daftari. Ulipata wanaomtaja kwa sentensi mbili, tatu, kama hesabu ya matokeo. Hukupata aliyekaa naye. Jumamosi ulizima kompyuta ukaniambia, "Mama, nataka kwenda kusoma hii kitu kabisa." Na mimi niliyesema falsafa ni ya walioshiba, nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu nauli na karo ya chuo cha Kampala.

Basi nenda, Poni. Huko utakutana na maktaba yenye mtandao usiokatika, na walimu, na vijana wanaozungumza haraka kuliko wewe. Soma ukurasa wote kabla ya kutafuta neno lako. Ukikutana na mtu unayeweza kumnyamazisha, mwangalie kwanza usoni. Na ukinikosea, au mimi nikikukosea, tuambiane mapema, hata kama ni vibaya, hata kama ni kwa simu yenye kelele.

Ukipata lolote kuhusu swali la Mzee Lado, hata nusu ya jibu, usiniandikie mimi kwanza. Mwandikie yeye. Hajui Kiingereza, na macho yamechoka, kwa hiyo itabidi uandike kwa Kiarabu chetu, maneno machache, kwa herufi kubwa, ambayo mzee aliyevunjwa mkono anaweza kuyasoma akasema: ndiyo, ndivyo ilivyokuwa.

Mimi mama yako,
Keji